Kompyuta ya Gemu Ndani ya Kasha la Fundi wa Matranka

Hapa Majengo, mjini Songea, kibanda cha gemu hakihitaji bango. Mpita njia husikia makelele ya vijana na sauti ya mtangazaji wa mpira akizungumza Kiingereza cha mbio, akajua kilichomo. Ndani mna runinga mbili au tatu, mashine za pleistesheni zilizochoka, mabenchi, na pazia mlangoni. Bei ya mechi moja si kubwa. Lililotutia hofu sisi wazazi ni desturi waliyojiwekea wachezaji wenyewe, kwamba anayefungwa ndiye alipaye kwa niaba ya wote wawili. Tulimwuliza ustadhi wa madrasa, naye hakuzungukazunguka: watu wawili wakishindana kwa sharti kwamba atakayeshindwa ndiye atoe fedha, hiyo ni kamari, hata kama fedha yenyewe haitoshi kununua maandazi.

Kijana wetu, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa mteja wa huko. Alikuwa akitoka nyumbani baada ya Magharibi amevaa kanzu na juzuu kwapani, akirejea saa tatu za usiku, kanzu ikinuka sigara za watu. Wazazi wenzetu mnazijua hatua zinazofuata katika jambo kama hili: nasaha, makaripio, kunyang'anywa simu, na ahadi zinazodumu wiki moja. Tulizipitia zote. Aliyeleta shauri jingine ni dada yake, aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei. "Kama mnataka arudi nyumbani," alituambia, "basi na gemu irudi nyumbani. Mkiiacha kule, na yeye atakuwa kule."

Binti huyu hakuwa akisema jambo asilolijua. Likizo zake nyingi alizitumia katika duka la stesheneri, akichapa barua za watu na kufungua kompyuta zilizogoma. Alikuwa amejifunza mwenyewe kuchora majengo kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure, na alikuwa na hoja yake pia: kompyuta yenye nguvu ya kuchezea gemu ndiyo hiyo hiyo yenye nguvu ya kuchora. Picha moja ya nyumba, ambayo kompyuta ya stesheneri iliihangaikia usiku kucha, mashine ya aina hiyo huimaliza kwa muda wa kunywa chai.

Shauri hilo lilikaa mezani kwa siku kadhaa. Baba mdogo wa watoto, aliye Dar es Salaam, alisema waziwazi kwenye simu kwamba huo ni ubadhirifu. Bibi yao, tunayeishi naye, hakukataa, ila aliuliza kama kitu hicho kitapiga kelele wakati wa swala. Nazo fedha zilikuwa na kazi yake. Tulikuwa tumeuza magunia 36 ya mahindi mwezi Julai, na fedha hizo tulikuwa tumezitenga kwa ajili ya mabati ya jiko la nje, ambalo huvuja kila masika. Tuliamua kwamba jiko lisubiri mwaka mmoja. Uamuzi huo ulikuwa mgumu, na hadi leo katika nyumba hii maoni juu yake hayajawa mamoja.

Tukaweka sharti moja tu, nalo ndilo lililozaa taabu yote iliyofuata. Kompyuta ikae sebuleni. Isikae chumba cha wavulana wala cha wasichana, wala isifungiwe mlango. Ikae pale ambapo bibi ameketi na wageni wanapopokewa, ili kila mtu aone kinachochezwa na saa ya kuzima ijulikane na wote.

Sebule yetu si kubwa. Ukishaweka makochi, meza, na kitanda kidogo cha bibi, panabaki kabati la runinga. Kabati hilo lina nafasi moja wazi chini ya runinga, yenye upana wa sentimita 45, kimo cha sentimita 27 na kina cha sentimita 30. Kompyuta ya kawaida ya gemu husimama karibu nusu mita, na ujazo wa kasha lake hufika lita 40 au 50. Binti alipima nafasi ile kwa rula, akakaa kimya, kisha akasema kwamba inawezekana, lakini itabidi kila kitu kiwe kifupi.

Ufupi huo una historia yake. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho mpaka leo ndicho msingi wa kompyuta nyingi za mezani. Mazabodi yake, yaani ule ubao mama unaobeba vipande vyote, ina milimita 305 kwa 244. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ikaleta kipimo kidogo zaidi, Mini-ITX, chenye milimita 170 kila upande. Hakikukusudiwa kwa ajili ya gemu hata kidogo. Kilikusudiwa kwa mashine hafifu zinazotumia umeme kidogo, za maofisini na viwandani. Wapenzi wa kompyuta ndio waliokichukua kipimo hicho na kuanza kukilazimisha kibebe vitu vizito. Mjerumani mmoja, Daniel Hansen, alibuni kasha liitwalo DAN A4-SFX, la lita 7.2 tu, akakusanya michango ya watu mwaka 2016 ili litengenezwe. Ndani yake mazabodi husimama upande mmoja na kadi ya picha upande wa pili, vimepeana migongo kama watu wawili waliogombana, na waya bapa unapita kati yao kuwaunganisha.

Mpangilio huo ndio binti aliouchagua. Kasha lenyewe hatukulinunua. Makasha ya namna hiyo hutoka ng'ambo, na kwa bei yake pamoja na usafiri mtu anapata mbuzi wawili.

Vipande vingine vilinunuliwa Kariakoo. Baba mdogo, yule yule aliyesema ni ubadhirifu, ndiye aliyetembea duka kwa duka akiwa na orodha ya mpwawe mkononi, na tunashuku kwamba kufikia duka la tatu alikuwa ameanza kuifurahia kazi hiyo. Prosesa ilikuwa Ryzen 5 5600, yenye viini sita, iliyopangiwa wati 65. Kadi ya picha ilikuwa RTX 4060, ambayo hula wati 115, kiasi kidogo kwa nguvu iliyo nayo, na ndiyo sababu ilichaguliwa badala ya kadi za zamani zilizouzwa bei nafuu lakini zinazowaka kama tanuri. Pawa saplai ilikuwa ya kipimo cha SFX, yenye upana wa sentimita 12.5 na unene wa sentimita 6 na nusu hivi. Tukaongeza ramu za gigabaiti 16, diski ya terabaiti moja isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, na feni ya prosesa yenye kimo cha milimita 47. Mzigo ulisafiri kwa basi zaidi ya kilometa 900, umefungwa ndani ya blanketi, ukafika salama.

Ndipo binti alipokwenda kwa fundi wa matranka.

Wasomaji wa miaka yetu wanalijua tranka, sanduku la bati ambalo mwanafunzi wa bweni huondoka nalo nyumbani, jina lake limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Mzee huyu ametengeneza matranka kwa miaka mingi, pamoja na majiko ya mkaa, makarai na mikebe ya kumwagilia bustani. Binti alimwamkia, akakunjua mchoro wake, akaeleza kwamba anataka kasha la bati lenye urefu wa sentimita 33, upana wa 14.5 na kimo cha 20. Hesabu yake ni lita 9 na nusu na kidogo. Mzee aliutazama mchoro kwa muda.

"Mwanangu, hili ni tranka la mtoto mchanga," alisema. "Unataka kutia nini humu?"

"Kompyuta, mzee wangu."

"Nzima?"

"Nzima."

Alicheka, lakini alichukua rula yake. Katika siku nne alizofanya kazi hiyo, mmoja wetu alikuwa akimsindikiza binti na kuketi pembeni, na tulichokiona kilitupendeza. Mzee hakuwa na mashine ya kukatia bati kwa milimita. Alikuwa na mkasi, nyundo, kipande cha reli cha kukunjia, na jicho. Hata hivyo mashimo ya skrubu za mazabodi yalikuja kukaa mahali pake, kwa sababu binti alikuwa amechapa mchoro wa ukubwa halisi kwenye karatasi, wakaubandika juu ya bati, na mzee akagonga kila alama kwa msumari kabla ya kutoboa. Kingo zote alizikunja ndani, ili waya zisikatwe na vidole visichanwe. Kwa upande wa hewa binti alitaka matundu kila mahali, juu, chini, mbele na ubavuni, kwa hesabu kwamba tundu likizidi, joto litapungua. Mzee aliguna. Akayatoboa kama alivyoombwa.

Mwisho wa mwezi Agosti kompyuta iliwaka. Songea imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai huchelewa kuondoka. Katika baridi ile mashine ilifanya kazi vizuri, feni zikivuma kwa sauti ya chini, na kijana wetu akakaa mbele yake jioni tatu mfululizo bila kuondoka nyumbani. Tulimshukuru Mungu kimyakimya, tukaogopa kusema kwa sauti.

Septemba ilipoingia, jua likawa kali na vumbi jekundu likaanza kuruka. Mchezo wa mpira ukifika kipindi cha pili, feni zilipiga kelele hata bibi akasimamisha tasbihi. Kisha picha zikaanza kukwama. Binti alifungua programu ya kupimia joto, akasoma nyuzi 88 kwa prosesa ambayo kikomo chake ni nyuzi 90. Kadi ya picha ilikuwa 83. Alitueleza kwamba mashine haikuharibika. Prosesa ikikaribia kikomo chake hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kama mtu anayepanda mlima wa Matogoro akaamua kutembea badala ya kukimbia. Lakini mashine inayotembea ndiyo hiyo inayokwama katikati ya mechi, na kijana wa miaka 14 hana subira ya mlima. Jumamosi ile alivaa viatu, akatoka.

Tunasema haya kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo lilipo jambo zima. Katika kasha kubwa la lita 50 joto lina pa kukimbilia. Kuna hewa nyingi, kuna nafasi ya feni kubwa zinazozunguka polepole, na ubaya wa mpangilio hufichika. Katika lita 9 na nusu hakuna kinachofichika. Wati 180 za prosesa na kadi, zikiwa zinafanya kazi kwa pamoja, ni joto la pasi ndogo iliyofungiwa ndani ya tranka.

Binti alirudi kwa mzee na kasha lake. Mzee hakuuliza habari ya prosesa wala ya kadi. Alileta jiko la mkaa, akaliweka mbele yake. "Hili lina mlango mmoja chini na mdomo mmoja juu," alisema. "Hewa inaingia hapa, inapita kwenye moto, inatoka pale. Nikilitoboa ubavuni, moto unazubaa. Lako umelitoboa kila mahali, mwanangu. Hewa ya moto inatoka ubavu huu, inaingia ubavu ule."

Walifanya kazi hiyo mchana mmoja. Matundu ya ubavu wa mbele yaliyo mbali na feni yalizibwa kwa vipande vya bati. Yaliyo mkabala na feni ya prosesa na yale ya kadi ya picha yaliachwa, ili feni hizo zivute hewa baridi moja kwa moja kutoka nje. Kasha likapewa miguu ya sentimita 2 na nusu, ili chini pavute. Juu zikafungwa feni mbili nyembamba za milimita 15, zote zikitoa hewa nje, hakuna inayoingiza. Nyumbani ikabaki nafasi ya kabati yenyewe, ambayo nayo ilikuwa kasha ndani ya kasha. Fundi seremala aling'oa ubao mwembamba wa nyuma ya nafasi ile, nasi tukalisogeza kabati shubiri moja kutoka ukutani. Kwa upande wake binti aliingia kwenye mipangilio ya kompyuta akaipunguzia prosesa volti kidogo, jambo ambalo hupunguza joto pakubwa na mwendo kwa kiasi ambacho jicho halikioni.

Jioni ile alicheza saa nzima kwa makusudi, sisi sote tukiwa nyuma yake kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Prosesa ilisimama nyuzi 74, kadi nyuzi 71. Bibi aliendelea na tasbihi yake.

Habari ya umeme tuiseme kwa ufupi. Wengi tunakumbuka Songea ya majenereta ya dizeli, kabla ya mji kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Katika siku zile shauri hili lisingezungumzwa. Mashine yetu, pamoja na skrini, hula karibu wati 250 inapocheza. Saa mbili kwa siku ni nusu uniti, na kwa mwezi ni uniti 15, ambazo kwa bei ya LUKU tuliyokuwa tukilipa, shilingi 356 hivi kwa uniti, hufika kama shilingi 5,300. Kijana wetu alikuwa akiacha zaidi ya hizo kibandani. Kifaa cha kulinda umeme tulikuwa nacho tayari kwa ajili ya friji.

Taratibu za nyumba zilikuwa chache. Kucheza ni baina ya Alasiri na adhana ya Magharibi, na tena baada ya Isha hadi saa tatu. Hakuna mchezo wenye kuwekeana fedha. Misahafu, ambayo ilikaa rafu ya juu ya kabati hilo, bibi aliomba ihamishiwe chumbani kwa sababu ya makelele ya mpira, ikahamishwa. Rafiki wawili watatu wa kijana wetu wakaanza kuja, wakivua viatu mlangoni na kumwamkia bibi. Wakifungwa hawalipi chochote, ingawa mara ya kwanza mmoja wao alitoa sarafu mfukoni kwa mazoea, akabaki nayo mkononi asijue ampe nani. Bibi, kwa mshangao wetu, ana timu anayoishangilia.

Hatutadai kwamba kijana alibadilika kabisa. Katika miezi ya Septemba na Oktoba alitoka usiku mara tatu tunazozijua.

Kisha ukaja Novemba, na binti yetu akapata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, kusomea mambo ya kompyuta. Swali ambalo hatukuwa tumeliuliza liliingia nyumbani lenyewe. Kompyuta iliyobanwa hata ikaenea kabatini ni kompyuta inayoenea pia ndani ya begi la mgongoni. Lile kasha kubwa la lita 50 lingebaki Songea bila mjadala, maana hakuna mwanafunzi wa kupanda nalo basi hadi Dodoma. Hili la lita 9 na nusu, lenye uzito wa kilo tano na kitu, lingeweza kukaa mapajani mwake tangu Njombe hadi Iringa na kuendelea.

Wa kuitaka zaidi alikuwa nani? Yeye aliihitaji kwa masomo, na ndiye aliyeitengeneza. Mdogo wake aliihitaji kwa sababu ambayo hatukupenda kuitamka mbele yake. Tuliwaita wote wawili baada ya swala ya Ijumaa, tukawaachia wazungumze. Binti alisema ataiacha. Kijana alitazama sakafu muda mrefu, kisha akasema, "Dada, wewe ndiye unayekwenda kusoma." Hakusema zaidi. Usiku ule ule alichukua bisibisi, akafungua feni za juu, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akafunga tena, na kulizungushia kasha khanga mbili za mama yake.

Wiki tatu zimepita. Mvua zimeanza, na jiko la nje linavuja mahali pale pale, tukitega sufuria. Dada mtu amepiga simu kusema mashine inafanya kazi, na kwamba bwenini wamemwuliza ameagiza kasha hilo nchi gani. Mzee wa matranka ametengeneza la pili kwa mchoro ule ule, bila matundu ya ubavuni yasiyo na kazi, na amekataa malipo hadi litakapopata cha kutiwa ndani. Limo kabatini, tupu. Kijana wetu ameuza majogoo wawili, akanunua pawa saplai iliyotumika kutoka stesheneri, ndiyo iliyomo kwa sasa. Juzi alirudi nyumbani saa tatu na nusu, na hatukumwuliza alikotoka. Jana alisali Isha msikitini, akaja moja kwa moja, akalitoa kasha lile kabatini na kuanza kupima kwa rula mahali ambapo feni zitakaa.